Mtoto wangu amefika Bulaya, sasa analia kila usiku

Mama wa safu, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto watano, nauza vitenge pale Nyawera, hapa kwetu Bukavu. Nakuandikia juu ya binti yangu wa pili, ana miaka 24. Alipata bursi ya kwenda kusoma afya ya jamii Ubelgiji, katika mji wa Liège. Aliondoka katikati ya Septemba. Tulimsindikiza hadi Ruzizi, akavuka mpaka na valizi mbili, akashika basi ya Kigali, na kutoka Kigali akapanda ndege. Wenzake wa kwaya walimwimbia pale mpakani mpaka askari wakatuomba tusogee. Siku ile nilirudi nyumbani nikijiona mama mwenye bahati kuliko wote wa Kadutu, mtaa wetu wa mlimani.

Juma la kwanza lilikuwa la furaha tupu. Alituma picha za stesheni ya treni, nyeupe, kubwa kama kanisa. Alituma picha ya ngazi ndefu zinazopanda mlima, akaniambia amezihesabu, ni 374. “Mama, hata huku wana Kadutu yao,” alisema, tukacheka sana.

Juma la pili sauti ikabadilika. Alinisimulia kwamba alipanda basi, akakaa karibu na bibi mmoja wa Kizungu, akamsalimia kwa heshima kama tulivyomlea: “Bonjour, Maman.” Yule bibi akamtazama, akamjibu: “Mimi si mama yako,” kisha akageuza uso kwenye dirisha. Mtoto wangu alishuka kituo kisicho chake, akatembea kwa miguu hadi chumbani huku analia.

Tangu hapo hakuna jema analolisimulia. Anasema watu wanapishana kwenye ngazi bila neno. Mchana wenzake wanatoa mkate baridi kwenye mfuko, kila mtu anakula wake, hakuna anayemwambia mwenzake karibu. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi, nje bado ni usiku. Juzi jioni kengele ililia, akachungulia, akaona polisi mbele ya mlango. Alizima taa, akakaa chini sakafuni kando ya kitanda mpaka polisi akaondoka. Hakulala. Na Ijumaa iliyopita aliniambia neno lililonichoma: “Mama, tangu Jumatatu hakuna mtu aliyetaja jina langu.”

Hapo nilikosea, nakiri. Nilimwambia ajikaze, kwamba watoto wa wengine wanaitafuta nafasi hiyo kwa machozi. Basi ameacha kuniambia. Kwangu anatuma picha nzuri tu. Mdogo wake, wanayelala wakiongea kwenye simu, ndiye anayenieleza kwamba dada yake analia kila usiku na anataka kurudi.

Huku nako hakuna utulivu. Baba yake mdogo tayari amemwomba pesa za mabati. Mtu mmoja wa maombi ameniambia mtoto amefuatwa na roho, anataka dola 50 kwa mikesha mitatu. Na kwa hali ya vita mjini kwetu tangu mwanzo wa 2025, kila ninayemwuliza ananiambia: ukimrudisha mtoto huku, umerukwa na akili.

Niambie, mama. Mtoto wangu ni mgonjwa? Nimwambie arudi? Kuna rafiki anayesafiri kwenda huko mwezi ujao: nimtumie nini apate nguvu, sombe ya majani ya muhogo, sambaza wale samaki wadogo wa ziwani, nyama kavu? Sisi tumefunzwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni ni nani?

Mama wa vitenge, Bukavu

JIBU

Mama mwenzangu, aksanti kwa kuniandikia bila kuficha. Naanza na polisi, kwa sababu hilo halingoji.

Yule polisi hakuja kumkamata. Mgeni anayeingia Ubelgiji kwa viza ya muda mrefu hutakiwa kujiandikisha kwenye komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ya mahali anapoishi, ndani ya siku 8 za kazi. Akishajiandikisha, komini humtuma polisi wa mtaa kuhakikisha kwamba kweli anaishi kwenye anwani aliyoitoa. Anapiga kengele, anaangalia, anauliza maswali mawili matatu, anakwenda. Anafanya hivyo hata kwa Mbelgiji aliyehama nyumba. Bila ziara hiyo karatasi zake hazisogei, na kadi ya ukaazi haitoki. Mpigie simu leo, mwambie afungue sanduku lake la barua, maana mara nyingi polisi asipomkuta mtu huacha karatasi. Kama ameikuta, aende au apige namba iliyoandikwa. Kama hakuna kitu, aende komini mwenyewe aseme: mlikuja, sikufungua, niliogopa. Na ahakikishe jina lake limeandikwa kwenye kengele na kwenye sanduku la barua.

Namwelewa kabisa. Mtoto aliyekulia Bukavu, akiona sare mbele ya mlango wakati wa giza, mwili wake unaamua kabla ya akili. Kuzima taa na kukaa chini ni jambo lililowaokoa watu hapa kwetu, na hakuna wa kumcheka. Lakini alikwenda na alama za huku, na kule alama hiyo hiyo ina maana nyingine. Shida yake yote, mama, ninaiona iko hapo.

Mwangalie na yule bibi wa kwenye basi. Kwetu, “Mama” ni neno la kumpa mtu kiti. Wewe unaitwa mama na wateja wanaokuzidi umri, mimi nimekuita mama na hatujaonana. Kwa Mbelgiji, “Maman” ni mtu mmoja tu duniani, yule aliyemzaa. Mtu asiyemjua akimwita hivyo anadhani anachezewa, au anaombwa pesa, au anaambiwa amezeeka. Neno la heshima kule ni “Madame”. Kwetu “Madame” lina ubaridi kidogo, la ofisini, la shuleni. Kwao ndilo lenye adabu. Sitaki kumtetea yule bibi: angeweza kujibu kwa upole, na inawezekana pia kwamba hakupenda ngozi ya mtoto wetu, watu wa namna hiyo wapo na binti yako atawakuta. Lakini asianze kuwahesabu Wabelgiji wote kwa kipimo cha jibu moja la kwenye basi. Kesho aseme “Bonjour, Madame”, aone.

Unauliza kama ni ugonjwa. Hali hii ina jina: mshtuko wa utamaduni. Mtu aliyeieleza vizuri ni Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada, mtoto wa wazazi kutoka Ufini. Miaka ya 1930 alifanya utafiti wake Ankole, Uganda, karibu sana na sisi hawa wa Maziwa Makuu. Mwaka 1954 alizungumza mbele ya chama cha wanawake wa kigeni huko Rio de Janeiro, Brazil, akawaambia kwamba mahangaiko yao yanatokana na kupoteza zile ishara ndogo tunazoziishi bila kuziwaza: lini kupeana mkono, kusema nini tukikutana na mtu. Mtu akikosa ishara hizo, anachoka kama anayetembea gizani kwenye nyumba asiyoijua. Oberg alitaja na dalili zake: kujihisi hana uwezo, hasira juu ya mambo madogo, hofu ya kudanganywa, na ile hamu kali ya kurudi nyumbani. Alisema pia kwamba mwanzoni huwa kuna kipindi cha asali, kila kitu kinapendeza. Si ndizo zile picha za stesheni na ngazi 374? Binti yako amepita njia ile ile waliyopita wale wanawake wa Rio, tena wao walikuwa na waume na pesa.

Nikuambie na yangu. Nilipofika Namur, huko huko Ubelgiji, kusoma, siku ya pili nilifagia chumba, nikachemsha chai ya watu wawili, nikaacha mlango wazi kidogo. Nilikuwa namngoja jirani. Kwetu mtu akihamia, jioni ile ile kuna mtu ataleta hata kikombe cha chumvi, apate sababu ya kukutazama. Nilingoja mpaka chai ikapoa. Siku ya tatu nikafanya hivyo tena. Siku ya nne nikafunga mlango, nikaandika barua ya kuomba kurudi, barua ambayo sikuituma kwa kukosa stempu. Jirani yangu wa mkono wa kulia nilikuja kuongea naye baada ya miezi miwili, siku umeme ulipozimika jengo zima na mimi nilikuwa na mshumaa. Nilimwuliza kwa nini hakuja kunisalimia. Alishangaa kweli, uso wake ulikuwa mwekundu. Akasema: “Sikutaka kukusumbua.”

Nililala na neno lile siku nyingi. Miezi miwili nililia nikidhani wananidharau, na kumbe mtu alikuwa ananipa heshima anayoijua yeye, ya kuniacha na nafasi yangu. Sisi heshima yetu ni kuingia. Wao heshima yao ni kutoingia bila kuitwa. Wote wawili tulikuwa na adabu nzuri, na kila mmoja alikaa upande wake wa ukuta. Kule mgeni ndiye anayegonga. Hilo laiti ningeambiwa uwanja wa ndege.

Sasa wewe. Uliyefunga mlango wa mtoto kusema ukweli ni wewe, kwa lile neno “jikaze”, na ni wewe utakayeufungua. Mwombe msamaha. Najua kwetu mzazi kumwomba mtoto msamaha si jambo la kila siku, lakini fanya. Mwambie: “Nimejua unalia. Sikupaswa kukuambia vile. Niambie yote.” Kisha nyamaza, asikie kwamba uko. Usimwambie watoto wa wengine. Usilie kuliko yeye. Baridi atainunulia koti. Kinachomla ni kuwa na nyuso mbili, moja ya kulia na moja ya picha, na kuzishika zote mbili kila usiku.

Mwondolee pia mzigo wa simu za usiku kila siku. Nalisema hili kwa uchungu, maana najua mdogo wake anamsaidia. Lakini mtu anayelala Bukavu kwenye simu na kuamka Liège bila kulala hafiki popote. Pangeni siku, tuseme Jumatano na Jumapili baada ya misa, muongee kwa muda wa kutosha. Siku nyingine ni ujumbe mfupi wa sauti wa asubuhi: mtaje jina lake, jina lote mlilompa, na lile la utani la nyumbani. Hilo la jina alilokuambia Ijumaa lisipite hivi hivi. Na mkiongea, badala ya kumwuliza lini utatuma picha, mwulize: leo umemjua nani? Umejifunza kitu gani cha hapo? Video za risasi na uvumi wa kila kundi la WhatsApp msimtumie usiku. Habari za kwetu azijue, ni zake, lakini azipate kutoka mdomoni mwako, mchana, zikiwa zimehakikishwa.

Baba mdogo na mabati yake ni juu yako. Wewe ndiye ukuta. Mwambie kwamba bursi ni ya kula, kulala na kusoma, kwamba mwezi wa kwanza kule ni dhamana ya chumba, koti na viatu, na kwamba mwanafunzi wa kigeni Ubelgiji haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya masaa 20 kwa juma wakati wa masomo, tena akishapata karatasi zake, zile zile za polisi. Kama baba mdogo atakasirika, akukasirikie wewe aliye karibu, si mtoto aliye peke yake.

Na dola 50 za mikesha, mama, usizitoe. Maombi ni mema, ombeni nyumbani, kwaya yake imwimbie kwa simu. Lakini mtu anayetaja bei kabla hajamwuliza mtoto hata swali moja, mimi simwamini. Tena mtoto akisikia kwamba kwao wanasema amefuatwa na roho, atakuwa na hofu moja zaidi ndani ya kile chumba.

Kuna mpaka ambao ukivukwa, hapo si mshtuko wa kawaida tena. Ikiwa majuma yanapita hali chakula, halali, haendi darasani, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, msingoje. Aende kwa daktari, na aulize chuoni kwake huduma ya kuwasikiliza wanafunzi. Ubelgiji kuna namba 107, ya bure, usiku na mchana, mtu anasikilizwa kwa Kifaransa bila kutaja jina. Ikiwa ni hatari ya saa ile ile, ni 112. Mpe mdogo wake namba hizo, kwa sababu yeye ndiye anayesikia kilio.

Kurudi je? Sikuambii kwamba kurudi ni mwiko. Nimewaona waliorudi wakaishi vizuri, na waliobaki kwa aibu wakaharibika. Ninachomwomba ni asiamue kwa sababu ya mwezi wa kwanza, na asiamue usiku. Mitihani ya kwanza kule huwa Januari. Afike huko, kisha mkae wawili mzungumze kama watu wazima. Ila ujue kwamba haitakuwa njia ya kupanda tu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba watarudisha saa yao nyuma, na saa zao ambazo leo ni sawa na zetu zitakuwa nyuma yetu kwa saa moja. Desemba jua la Liège linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na karibu saa kumi na nusu jioni linazama. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili na saa kumi na mbili, mwaka mzima, hilo linatuangusha hata tukiwa tumezoea watu. Mtaalamu wa Norway, Sverre Lysgaard, aliwachunguza wenzake waliokwenda kusoma Marekani, na katika maandishi yake ya 1955 alionyesha kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na shida kuliko wageni wapya. Basi akianguka tena baada ya kuinuka, usidhani mmerudi mwanzo. Mwambie atoke nje kila mchana wakati kuna mwanga, hata nusu saa, apande ngazi zake 374. Jumapili asubuhi kuna soko la La Batte kando ya mto Meuse. Aende asikie kelele za wauzaji, atakumbuka Kadutu.

Nimebaki na mzigo wa rafiki yako. Nyama kavu usitume, wala maziwa wala jibini: wasafiri hawaruhusiwi kuviingiza Ulaya, vitatupwa uwanja wa ndege na rafiki yako atapata matatizo. Sombe mbichi nayo inataka cheti cha afya ya mimea, achana nayo. Mwambie siku moja apande treni kwenda Bruxelles, ni kama saa moja, atafute mtaa wa Matonge kule Ixelles karibu na Porte de Namur. Aulize pondu, wa Kinshasa ndivyo wanavyoiita sombe yetu, ataipata kwenye barafu, na ataitwa “mama” na “yaya”, yaani dada mkubwa, mpaka achoke. Asiende kila juma lakini, maana bursi haitoshi na Liège ndiko anakoishi.

Sambaza tuma. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa kwa matumizi ya mtu binafsi, hadi kilo 20, na wewe kilo 2 zinatosha. Zikauke vizuri, uzifunge mara mbili, juu yake uweke kitenge kimoja cha kutandika mezani. Asizile peke yake kitandani. Kule wanafunzi wanaita chumba chao “kot”, na mara nyingi jiko ni la wote. Aandike karatasi, aibandike kwenye mlango wa jiko: Jumamosi ijayo, saa moja jioni, napika chakula cha kwetu Bukavu, karibuni. Aiandike siku 5 kabla, kwa sababu wale hawapendi kushtukizwa, wanataka kuweka kwenye kalenda. Na chini yake aandike jina lake, kwa herufi kubwa.